Namna ya kumfanya mbwa akuamini na akufuate bila kelele wala kipigo

Tomi alikuja kwangu akiwa mkubwa tayari, kama miaka miwili hivi, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba ukiinua mkono tu, hata kama unataka kujikuna kichwa, anashuka chini mpaka tumbo linagusa sakafu na mkia kaufyata kabisa. Mimi sikuwahi kumpiga hata mara moja. Ila alishajifunza huko alikotoka kwamba mkono ukipanda maumivu yanakuja, na mkono wangu ukawa unalipa deni ambalo sikukopa mimi. Ilichukua kama miezi minne mpaka mkono ule ule ukawa kitu anachokifuata mwenyewe, na nilichofanya ndani ya hiyo miezi ndo nataka nikuelezee hapa, hata kama mbwa wako hajawahi kuonewa na shida yako ni kwamba anavuta kamba au hasikii ukimwita, maana mzizi ni ule ule.

Kwanza tuweke pembeni hili la ubosi

Watu wengi bado wanaambiwa kwamba mbwa muda wote anatafuta nafasi akutawale, kwa hiyo umlaze chali umkandamize mpaka "akubali", ule wewe kwanza ndo ye ale, usimwachie apite mlangoni mbele yako. Wazo hili lina historia. Mwaka 1947 Rudolph Schenkel, mtafiti wa Uswisi, aliandika kuhusu mbwa mwitu, wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza, waliokuwa wamefungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, wamebanana sehemu ndogo hawana pa kwenda, na ugomvi ulikuwepo wa kutosha, hapo ndo ikatoka ile picha ya mnyama mmoja anayeshika cheo kwa mabavu. David Mech, mtafiti wa Marekani, alisaidia sana kulisambaza wazo hilo kwenye kazi yake ya mwaka 1970, halafu baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu walio huru kwa miaka mingi, mwaka 1999 mwenyewe akaandika wazi kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia, baba na mama na watoto wao, na hao wawili wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Hakuna aliyempiga mwenzake ngumi kupata cheo. Mwaka 2021 chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulika na tabia za wanyama kikasema mafunzo yote ya mbwa yawe ya kumzawadia, na njia za kumuumiza au kumtisha zisitumike.

Namheshimu sana Mech kwa hilo, sio rahisi mtu kusimama mbele za watu akasahihisha alichokisambaza mwenyewe.

Kwa hiyo nikisema kuongoza sina maana ya kumshinda mbwa. Namaanisha kitu kimoja: uwe mtu anayetabirika. Leo ukisema "njoo" kinatokea kitu fulani, kesho kinatokea hicho hicho, ukiwa umefurahi au umekasirika. Mbwa asiyeweza kukutabiri atakaa macho siku nzima akikuchunguza, na mbwa wa namna hiyo hawezi kujifunza chochote, kichwa chake kimejaa tayari.

Anza na mwili wako

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping huko Sweden walichukua nywele za mbwa 58 na za wenye mbwa wao, wakapima kotisoli, ile homoni ya msongo, kwa muda mrefu, na wakakuta viwango vya mbwa na mwenyewe vinapanda na kushuka pamoja. Yaani presha yako haiishii kwako, inafika mpaka kwa huyo aliyelala miguuni pako.

Kwa hiyo kabla hujashika kamba simama kidogo. Shusha mabega, toa pumzi ndefu mpaka iishe, legeza vidole. Sauti iwe ya chini na fupi, neno moja sio manne, maana "Tomi kaa, kaa nimesema, si nimekwambia ukae we" kwa mbwa ni kelele tu na ndani ya hizo kelele neno "kaa" limepotea. Usimuinamie kwa juu, chuchumaa au simama kiupande. Usimkazie macho mbwa mgeni.

Na kama una hasira, usimfundishe siku hiyo. Hili nimelijua kwa kuumia. Jioni moja nimerudi nimechoka, nikamwita Tomi mara tano sita huku sauti inapanda kila mara, na alivyokuja alikuja anatambaa, kafika karibu yangu akajikojolea. Pale nilijisikia vibaya mno. Ule mkojo sio ukaidi wala uchafu, ni mbwa anakwambia kwa lugha yake "tafadhali usinidhuru", na ukimgombeza kwa hilo unamwongezea woga. Nilikaa chini sakafuni nikageukia ukutani nikanyamaza, na ilipita kama robo saa hivi kabla hajasogea. Baada ya hapo nikawa na sheria: siku mbaya ni kutembea taratibu tu, masomo hakuna.

Wiki ya kwanza hakuna somo

Mbwa akiwa mgeni nyumbani, watu wanataka siku ya pili awe anajua kukaa na kutoa mkono. Muache. Mpe kona yake, sehemu yenye ukuta nyuma ili asivamiwe kutokea mgongoni, na sheria ya nyumba nzima iwe kwamba akiwa pale hakuna anayemfuata, hakuna kumvuta wala kumbusu, watoto waambiwe kabisa na wasimamiwe. Chakula saa zile zile. Matembezi njia ile ile, hata kama unachoka kuiona, kwa sababu njia anayoijua haimtishi. Alale vya kutosha, mbwa mzima kulala saa 12 na zaidi kwa siku ni kawaida, na kitoto cha mbwa kinaweza kufika saa 18 au zaidi, hivo ukiona kitoto kinang'ata kila kitu jioni na hakishikiki, mara nyingi kimechoka tu kinahitaji kulazwa.

Kama una kitoto cha mbwa, hapo kuna jambo la haraka kidogo. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama wiki ya 12 hadi 14 ndo kipindi ambacho ubongo wake unaamua nini ni cha kawaida duniani. Miavuli, pikipiki, watu wenye kofia, wazee wenye fimbo, aone vyote hivyo kwa utulivu, kwa umbali, mkononi mwako kama chanjo hazijakamilika. Aone, ale kidogo, mrudi nyumbani. Sio kumpitisha kwenye umati kila mtu amguse.

Zoezi la mkono

Hili ndo lililombadilisha Tomi na nalipenda kuliko yote.

Kaa chini, kiupande. Weka mkono wako juu ya paja, kiganja juu, usiusogeze. Weka vipande vidogo vya nyama sakafuni mbali na mkono, tuseme hatua moja, halafu tazama pembeni. Yeye achague. Siku ya kwanza Tomi alikuja amejivuta shingo mbele na miguu ya nyuma imebaki kule, tayari kukimbia, akachukua kipande kimoja akarudi. Sawa. Kesho yake nikasogeza vipande sentimita kadhaa karibu na mkono. Keshokutwa tena. Sikumgusa. Kuna siku ulimi wake uligusa kidole changu kwa bahati mbaya, akaruka nyuma akanitazama, nikabaki vile vile natazama ukuta, na baada ya dakika hivi akarudi akagusa tena makusudi. Unajua pua ya mbwa ilivyo baridi, basi nilihisi ile pua inapita kidole kimoja kimoja kama anavihesabu. Hapo ndo nikajua tumeanza.

Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi, na hapa hawakukosea hata kidogo. Ukifika hatua ya kwamba anakula kwenye kiganja bila wasiwasi, anza kuusogeza mkono kidogo, sentimita mbili tu, halafu nyama inatokea. Mkono ukasogea, nyama. Mkono ukapanda mpaka usawa wa goti, nyama. Angalia mpangilio: mkono kwanza, nyama baadaye, maana ukitanguliza nyama anajifunza kuogopa nyama. Ni kanuni ile ile ya Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyechunguza mbwa wanavyojifunza: kitu kinachotangulia kinabeba maana ya kitu kinachofuata.

Mguse namna gani

Mkwaruze kifuani au ubavuni kwa sekunde tatu, halafu toa mkono kabisa usubiri. Akisogea, akigusa mkono wako na pua, akiegemea, endelea. Akigeuza kichwa, akijilamba midomo na hakuna chakula hapo, akipiga miayo na hana usingizi, akionyesha weupe wa jicho au akikakamaa, amesema hapana, na we ukimwacha hapo hapo umejenga imani kuliko ungempapasa saa nzima. Mkia kutikisika peke yake sio furaha. Mkia ulioinuka juu, mgumu, unaotikisika kwa kasi fupi fupi ni mbwa aliyepanda presha. Furaha inaonekana mwili mzima, kiuno kinayumba, mdomo umelegea, macho laini.

Anza kufundisha sasa

Chagua neno moja fupi la kumwambia amepatia, mimi natumia "safi". Siku mbili za kwanza usimwombe chochote, sema "safi" mpe kipande, sema "safi" mpe kipande, kama mara 15 hivi, mpaka ukisema tu masikio yanageuka. Baada ya hapo lile neno linakuwa kama kamera, linapiga picha ya kitendo. Kalio likigusa sakafu, "safi" ndani ya sekunde moja. Ukichelewa sekunde tatu, kalio limeshainuka na umemlipa kwa kusimama, na hapa ndo wengi wanapokosea kisha wanasema mbwa mjinga.

Vipande viwe vidogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho, na somo liwe dakika tatu mpaka tano halafu liishe akiwa bado anataka. Wapo watakaokwambia hiyo ni rushwa. Rushwa ni pale unapomwonyesha nyama kabla ili afanye. Mshahara unakuja baada ya kazi na mbwa hajui uko mfuko gani. Akishaijua vizuri kazi, anza kulipa mara moja moja bila mpangilio, na zawadi zingine ziwe sio chakula: kufunguliwa mlango, kurushiwa mpira, ruhusa ya kunusa ule mti.

Mlango kwa mfano. Simama mlangoni umeshika kitasa, kimya. Mbwa atarukaruka, atalia, we tulia usiseme kitu. Ile sekunde miguu minne imekaa chini, anza kufungua. Akichomoka, mlango unafungwa taratibu, bila kumbana, bila neno. Anakaa chini, unafunguka tena. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kumi na utatamani kupiga kelele. Ikifika siku ya nne au ya tano hivi utaona kitu, anakaa kabla hujashika kitasa na anakutazama usoni. Hakuna aliyemlazimisha, amegundua mwenyewe kwamba utulivu wake ndo ufunguo. Na ile kukutazama ina uzito wake, maana watafiti wa Japani mwaka 2015 walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa upendo, oksitosini, homoni inayomuunganisha mama na mtoto, inapanda kwa wote wawili.

Kamba ni hivo hivo. Kamba ikilegea tunaenda, ikikaza nasimama kama mti. Usiivute, usimrudishe kwa nguvu, subiri ageuke au alegeze, "safi", tunaenda. Matembezi ya kwanza hamtafika mbali, na ni sawa. Mfungie mkanda wa kifuani badala ya minyororo inayokaba shingo, ile inamfundisha tu kwamba akimwona mbwa mwenzie shingo inauma, na baada ya muda anawachukia mbwa wote.

Akinguruma

Usimwadhibu kwa kunguruma, tafadhali sana. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa kutoa onyo anajifunza kuruka hatua hiyo, kesho anang'ata bila taarifa na watu wanasema "ghafla tu". Akinguruma simama, rudi nyuma, halafu jiulize nini kilimfikisha hapo.

Kama ananguruma kwenye bakuli, acha ile tabia ya kuweka mkono kwenye chakula chake "azoee". Fikiria mtu anakuja kila siku kuvuruga sahani yako. Fanya kinyume: anakula, unapita kwa mbali, umbali ambao hata hashtuki, unarusha kipande kizuri kuliko kilichomo kwenye bakuli, unaondoka. Siku baada ya siku unapita karibu zaidi. Baada ya muda akisikia hatua zako anainua kichwa kwa hamu. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo au ameshawahi kung'ata, hili usifanye peke yako, tafuta mtaalamu wa tabia, na mbwa ale chumba chenye mlango uliofungwa.

Na akimng'ata mtu, hata kajeraha kadogo, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Hapo hakuna cha kusubiri uone.

Jambo lingine ambalo watu wanalisahau, mbwa mpole aliyebadilika ghafla akawa mkali anaweza kuwa anaumwa. Sikio, jino, nyonga. Daktari wa mifugo kwanza, mafunzo baadaye.

Umbali kwa mwenye woga

Mbwa anayebwekea mbwa wenzie au watu, mara nyingi anaogopa. Tafuta umbali ambao anawaona lakini bado anaweza kula kutoka mkononi kwako, iwe mita 10 au 50. Akikataa nyama anayoipenda siku zote, mko karibu mno, geukeni bila fujo. Kwenye umbali sahihi: anamwona mbwa, "safi", kipande. Tena. Mpaka akimwona mbwa anakugeukia wewe. Punguza umbali hatua mbili tatu, sio zaidi, na siku akishtushwa na kitu kikubwa mpumzishe siku kadhaa kabla ya kurudi.

Kosa lililopita limepita

Umerudi umekuta kiatu kimetafunwa na mbwa kashusha kichwa, "ona anajua kakosea". Mtafiti wa tabia za mbwa, Alexandra Horowitz, alilipima hili mwaka 2009 akakuta ile sura ya hatia inatokana na mwenye mbwa kugombeza, iwe mbwa kafanya kosa au hajafanya. Anasoma uso wako tu. Kwa hiyo okota kiatu, safisha, kesho weka viatu juu na umwachie kitu chake cha kutafuna. Ukimkuta anafanya wakati huo huo, mbadilishie kwa kitu kingine, basi.

Na nyumba nzima ikubaliane maneno. Kwetu mmoja alikuwa anasema "shuka", mwingine "toka", mwingine anamruhusu kwenye kiti akiwa peke yake, na mbwa akaonekana mkaidi kumbe sisi ndo hatukuwa na kauli moja. Tulikaa tukaandika maneno saba kwenye karatasi tukabandika ukutani.

Utarudi nyuma, jiandae. Hasa mbwa wa miezi 6 mpaka mwaka na nusu, alichojua jana leo kama hajawahi kukisikia. Rudi hatua mbili, rahisisha, lipa vizuri, songa tena.

Mwisho, radi. Nilikuwa nimeambiwa mbwa akiogopa usimfariji, utamzoesha woga, na kwa muda nilifuata, nikawa namwacha Tomi anatetemeka chini ya meza huku namtazama. Sio kweli. Woga ni hisia, sio mchezo anaofanya ili umlipe, na kukaa naye hakuuongezi. Siku hizi ikianza kunguruma huko mbali nafunga madirisha, navuta pazia, nakaa sakafuni nimeegemea ukuta na mkono nimeuweka juu ya paja, kiganja juu, kama zile siku za mwanzo. Anatoka chini ya meza mwenyewe, bado anatetemeka, anaweka kidevu kwenye kiganja, na tunakaa hivo mpaka mvua ipite.